Kasri Lisilobomoka: Manung'uniko ya Wazee wa Doom na Nafasi Yake katika Uhakiki

Utangulizi

Katika Al-Inkishafi, utenzi uliotungwa mwanzoni mwa karne ya 19, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir anauchukua moyo wake na kuutembeza katika magofu ya Pate. Majumba yaliyojaa fahari yamekuwa maskani ya popo na bundi, na mabwana waliokaa humo wamo kaburini. Utenzi huo umetuzoesha kuamini kwamba maombolezo ya ukale hutanguliwa na maangamizi: nyumba huanguka kwanza, ndipo mshairi hulia. Makala haya yanakusudia kuchunguza hali iliyo kinyume na hiyo. Tutalitazama kasri ambalo bado limesimama, milango yake ikifunguka na taa zake zikiwaka kama zilivyowaka siku ya kwanza, na hata hivyo wale waliolipenda wangali wanalia mlangoni.

Kasri hilo ni mchezo wa tarakilishi uitwao Doom, uliotolewa nchini Marekani tarehe 10 Desemba 1993. Mchezaji huuona ulimwengu wa mchezo kwa macho ya askari asiye na jina, bunduki ikiwa mbele yake, akipita katika vituo vya kijeshi kwenye miezi ya sayari ya Mirihi na hatimaye jehanamu, huku mazimwi yakimjia kutoka kila upande. Kijana aliyeucheza mchezo huo akiwa na umri wa miaka 15 alizaliwa mwaka 1978; leo ni mtu mzima mwenye mvi, pengine mwenye watoto waliokwisha kuupita umri huo. Yeye na wenzake wamekuwa na desturi moja isiyokatika: kunung'unika. Michezo ya siku hizi, wasemavyo, ni mizito, ina maelezo mengi, humshika mchezaji mkono kama mtoto, na watengenezaji wake wamesahau kilichokuwa kitamu.

Huenda msomaji akauliza jambo hili linahusiana vipi na idara ya fasihi. Jibu letu ni kwamba manung'uniko ya wazee ni utanzu mkongwe. Nestor katika Iliad ya Homer hachoki kuwakumbusha vijana kwamba mashujaa wa ujana wake walikuwa watu wa namna nyingine. Horace, katika utungo wake kuhusu kunga za ushairi, anamtaja mzee asifuye siku za utoto wake kuwa mhusika ambaye mtunzi wa tamthilia sharti amjue. Kwa hivyo, tunapoyasikiliza manung'uniko ya wapenzi wa Doom, tunasikiliza matini yenye fani na maudhui yake. Dai letu ni kwamba manung'uniko hayo ni uhakiki ambao haujajitambua kuwa uhakiki, na kwamba thamani yake hupimwa kwa kile ambacho mnung'unikaji hufanya baada ya kunung'unika.

Usuli wa Mchezo

Doom ilitengenezwa na kampuni ndogo iitwayo id Software, katika mji wa Mesquite, jimbo la Texas. Programu iliyouendesha mchezo iliandikwa hasa na John Carmack. John Romero aliitengeneza sehemu kubwa ya ramani za mwanzo. Adrian Carmack, asiye na udugu na huyo wa kwanza, alichora mazimwi pamoja na Kevin Cloud. Sandy Petersen alijiunga nao wiki chache kabla ya kazi kukamilika na kumalizia ramani nyingi zilizobakia. Bobby Prince alitunga muziki. Mchezo ulisambazwa kwa kupakiwa kwenye tarakilishi ya Chuo Kikuu cha Wisconsin, na umati wa waliokuwa wakiusubiri ulikuwa mkubwa hata mitambo ya chuo ikalemewa.

Namna ya kuuza ilikuwa ya ajabu kwa biashara ya kawaida. Sehemu ya kwanza, yenye ramani 9, ilitolewa bure, na kila mtu aliruhusiwa kumpa mwenzake. Aliyependa kuendelea aliagiza sehemu mbili zilizobaki kwa malipo, na hivyo kupata ramani 27 kwa jumla. Mchezo ukapita mkono hadi mkono kwa diski, jinsi hadithi ipitavyo mdomo hadi mdomo.

Jambo la pili lina uzito zaidi kwa hoja yetu. Wapenzi wa mchezo uliotangulia, Wolfenstein 3D wa mwaka 1992, walikuwa wameingilia faili zake kwa nguvu ili waweke ramani na picha zao wenyewe. Badala ya kuwazuia, Carmack aliipanga Doom kwa namna ambayo ingewarahisishia kazi: programu iliyouendesha mchezo iliwekwa kando, na ramani, picha na sauti zikakusanywa katika faili la peke yake lenye kiishio cha WAD. Yeyote aliyeweza kuunda faili kama hilo aliweza kutunga Doom yake. Kisha, mwezi Desemba 1997, kampuni ilitoa hadharani maandishi ya programu yenyewe. Kwa hivyo mpenzi wa Doom hakubaki hadhira tu. Aligeuzwa kuwa fanani, naye akakabidhiwa funguo za kasri.

Miongo Mitatu ya Manung'uniko

Manung'uniko hayo yana historia inayoweza kufuatwa mwaka kwa mwaka. Doom II ya mwaka 1994 iliongeza ramani 32 na bunduki ya mitutu miwili ambayo wengi wanaihesabu kuwa silaha bora kuliko zote za aina hii ya michezo. Hata hivyo, zipo ramani ndani yake, kama ile iitwayo The Chasm yenye vijia vyembamba juu ya shimo, ambazo wapenzi haohao wamezilaani kwa miaka mingi. Hili ni jambo la kukumbuka kila tusikiapo kwamba zama za dhahabu hazikuwa na doa.

Doom 3 ilipotoka mwaka 2004, kilio kilipanda. Mchezo ulikuwa wa giza na wa mwendo wa pole, na mchezaji hakuweza kushika kurunzi na bunduki kwa wakati mmoja. Ama aone asiweze kupiga, ama apige asiweze kuona. Watengenezaji walikusudia hofu. Wazee waliona usaliti, kwa sababu Doom waliyoijua ilikuwa mbio, wala mchezaji hakujificha popote. Kampuni ilipoutoa tena mchezo huo mwaka 2012, kurunzi na bunduki viliwezekana kutumika pamoja. Doom mpya ya mwaka 2016 ilirejesha kasi ya awali na kumkataza mchezaji kujibanza nyuma ya ukuta, na wengi wakaridhika. Lakini Doom Eternal ya mwaka 2020 ilipoongeza kurukaruka juu ya majukwaa na kanuni nyingi za kupata risasi na uhai, ridhaa ile ilipungua. Ndivyo ilivyokuwa tena mwaka 2025, Doom: The Dark Ages ilipompa askari ngao na mwendo mzito zaidi.

Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Kwa wapenzi hawa methali imepinduliwa: kipya ni kidonda ingawa kinyemi. Mtu asiyewahurumia atasema kwamba hakuna mchezo ambao ungewaridhisha, kwa kuwa wanachodai ni umri wao wa miaka 15 urudishwe. Tena ushahidi wa kumuunga mkono upo. Doom 64 ya mwaka 1997 ilipuuzwa na wengi ilipotoka, na sasa inatajwa kwa heshima. Hata Doom 3 ina watetezi wake siku hizi, na si ajabu kwamba baadhi yao walikuwa vijana mwaka 2004. Mpaka wa ukale husogea pamoja na tarehe ya kuzaliwa ya msemaji.

Hata hivyo, maelezo hayo hayatoshi. Yanaeleza kwa nini watu hunung'unika; hayaelezi wananung'unika juu ya nini. Malalamiko kuhusu Doom 3 yalikuwa na hoja mahususi kuhusu mwendo, mwanga na nafasi. Mtu anayesema kwamba adui katika Doom ya kwanza alikuwa tatizo la kijiometri, kwamba kila zimwi lina aina yake ya mwendo na shambulio, na kwamba utamu umo katika kuyachanganya mazimwi hayo ndani ya chumba chenye umbo fulani, mtu huyo anahakiki. Anataja sifa za kifani za matini. Tofauti yake na sisi ni kwamba anazitaja kwa hasira.

Aidha, kuna lalamiko jingine ambalo halihusu hisia hata kidogo. Doom ya mwaka 1993 ilimpa mchezaji uwezo wa kutunga. Doom ya mwaka 2016 ilimpa zana nyepesi ya kupanga vipande vilivyokwisha kutengenezwa, lakini mlango wa utunzi kamili haukufunguliwa. Katika kipindi hicho umiliki nao ulikuwa umehama: id Software ilinunuliwa na ZeniMax mwaka 2009, nayo ZeniMax ikanunuliwa na Microsoft mwaka 2021. Wazee walipolalamika kwamba mchezo umeondoka mikononi mwa watu, walikuwa wakisema jambo linalothibitika. Mwaka 2024 kampuni ilitoa zana za utunzi kwa ajili ya Doom Eternal, miaka minne baada ya mchezo wenyewe. Kunung'unika si lazima kuwe ni kukosa shukrani. Wakati mwingine ni kudai haki kwa ulimi wa mzee.

Arudhi ya Kasri

Msomaji wa fasihi ya Kiswahili hataona ugumu kuielewa hatua inayofuata. Mwaka 1954 Kaluta Amri Abedi alichapisha kitabu kilichozipanga sheria za kutunga mashairi: vina, mizani, mishororo, beti. Miaka 20 baadaye, Kichomi cha Euphrase Kezilahabi kilitoka mwaka 1974 kikiwa na mashairi yasiyozifuata sheria hizo, na mgogoro uliokuwa umeanza kuchemka ukafurika. Wanajadi waliona msingi wa ushairi ukibomolewa; wanamabadiliko waliona pingu zikikatwa.

Doom nayo ina arudhi, ingawa chanzo chake ni udogo wa tarakilishi za wakati ule. Mchezaji hawezi kuruka. Hawezi kuinua macho wala kuyainamisha. Chumba hakiwezi kujengwa juu ya chumba kingine, maana ramani yote ni mchoro bapa uliopewa kimo. Programu ya awali haiwezi kuonyesha zaidi ya nyuso 128 za sakafu na dari katika mtazamo mmoja. Mtunzi akizidisha, mchezo huzimika. Masharti haya yalizaa mtindo. Kwa kuwa orofa haziwezekani, watunzi walijifunza kucheza na kimo cha sakafu, madirisha, ngazi na milango ya siri. Kwa kuwa macho hayainuki, tishio hupangwa upana, si urefu.

Baada ya mwaka 1997, waliopata maandishi ya programu waliziondoa pingu hizo moja baada ya nyingine. Kuna matoleo yanayomruhusu mchezaji kuruka, kutazama juu na kuingia katika majengo ambayo id Software haikuyaota. Lakini kuna pia watunzi wa leo ambao kwa hiari yao huzishika kanuni za 1993 zote, wakiihesabu kila sakafu kama malenga anavyoihesabu mizani. Zaidi ya hapo ipo programu iitwayo Chocolate Doom, ambayo lengo lake ni kuutunza mchezo wa awali pamoja na kasoro zake. Kasoro hizo zina kazi. Kumbukumbu za mchezo katika Doom hazihifadhi picha; huhifadhi mfuatano wa vitufe vilivyobonyezwa. Mchezo uliochezwa na mtu mwaka 1994 unaweza kuendeshwa upya leo, hatua kwa hatua, mradi programu ikosee palepale ilipokosea zamani. Ukisahihisha kosa moja, askari wa mwaka 1994 atagonga ukuta na kupotea. Huo ndio uhafidhina wenye sababu: sheria inalindwa kwa kuwa ndani yake kuna nyayo za watu.

Aina Mbili za Hamu

Neno la kitabibu la hamu ya nyumbani lilibuniwa na Johannes Hofer katika tasnifu yake ya mwaka 1688 huko Basel, akieleza maradhi ya Waswisi waliokuwa mbali na kwao. Baadaye hamu hiyo ilihama kutoka mahali hadi wakati. Svetlana Boym, katika kitabu chake cha mwaka 2001, aliigawa mara mbili. Ipo hamu ya kurejesha, inayotaka nyumba ya zamani ijengwe upya kama ilivyokuwa. Na ipo hamu ya kutafakari, inayokaa katika maumivu ya umbali wenyewe na kuyafanya kuwa mawazo.

Wapenzi wa Doom wanazo zote mbili. Chocolate Doom ni hamu ya kurejesha katika umbo lake lililo safi. Romero mwenyewe, aliyeondoka id Software mwaka 1996, alirejea kwenye kasri mwaka 2019 alipotoa Sigil, ramani 9 mpya zilizoshikamana na mchezo wa kwanza, kisha akatoa Sigil II tarehe 10 Desemba 2023, miaka 30 kamili baada ya Doom. Hata mjenzi ana hamu na nyumba aliyoijenga.

Mfano mzito wa hamu ya kutafakari ni ramani iitwayo MyHouse, iliyotolewa mwaka 2023 na mtunzi anayetumia lakabu ya Veddge. Katika miaka ya 1990, mojawapo ya majaribio ya kawaida ya mtunzi mchanga lilikuwa kuunda ramani ya nyumba yake mwenyewe. MyHouse inajitambulisha kwa unyenyekevu huo: eti ni ramani ya rafiki wa utotoni aliyefariki, iliyokamilishwa na mwenzake kwa ukumbusho. Mchezaji anaingia katika nyumba ya kawaida, anaua mazimwi machache, anatoka. Lakini akirudi ndani, nyumba imebadilika. Milango inafikisha mahali pasipowezekana, na chumba kinakaa juu ya chumba, jambo ambalo arudhi ya 1993 ilikataza. Anayeijua riwaya ya Mark Z. Danielewski, House of Leaves, ya mwaka 2000, ataitambua nasaba. Hapa manung'uniko yamekoma kuwa manung'uniko. Mtunzi amekiri kwamba nyumba ya utotoni haiwezi kurudiwa ikiwa ileile, na ukiri huo ameufanya kuwa dhamira.

Uwanja Unaopungua Watu

Tungekuwa tunawapendelea wazee hawa kama tungeishia hapo. Ndugu mdogo wa Doom, mchezo wa Quake uliotolewa mwezi Juni 1996, unaonyesha upande wa pili. Quake ilikuwa na upande wa utunzi, nao ungali hai. Lakini fahari yake kubwa ilikuwa pambano la mtu kwa mtu. Mwezi Desemba 1996 kampuni ilitoa QuakeWorld, iliyowawezesha watu wenye modemu za mwendo wa pole kupambana kupitia intaneti bila kuchelewa kupita kiasi. Mwaka 1997 Dennis Fong, aliyejulikana kwa lakabu ya Thresh, alishinda shindano la Quake na kuzawadiwa gari aina ya Ferrari lililokuwa la Carmack mwenyewe.

Wachezaji waligundua kwamba kwa kuruka mfululizo huku wakiugeuza mwili kwa kipimo maalumu, wangeweza kwenda kwa kasi kuliko programu ilivyokusudia. Kosa la hesabu likawa sanaa, na sanaa hiyo huchukua miaka kujifunza. Hapo ndipo penye tatizo. Ramani ya Doom humngoja mgeni. Inaweza kuchezwa na mtu mmoja usiku, akashindwa mara 20 bila aibu. Uwanja wa Quake haumngoji mtu. Kijana anayeingia leo hukutana na mkongwe mwenye mazoezi ya robo karne, huuawa kabla ya kumwona aliyemwua, na huondoka asirudi. Mkongwe hubaki akilalamika kwamba vijana hawana uvumilivu. Quake Champions ya mwaka 2017 ilipojaribu kuwavuta wageni kwa wahusika wenye uwezo wa pekee, wakongwe wengi walilalamika kwamba usawa wa uwanja umeharibiwa. Hoja yao ya kifani ilikuwa na nguvu: katika Quake ya kale wote huanza sawa. Lakini usawa wa mwanzo si usawa ikiwa mmoja ana miaka 25 mikononi.

Katika hali hii manung'uniko hayazai kitu. Kila lalamiko linaongeza urefu wa ukuta, na kila ukuta unampunguza mtu mmoja ambaye mzee angecheza naye. Maombolezo yanaanza kuyaleta maangamizi yanayoyalilia.

Hitimisho

Tulianza kwa kutofautisha Pate na Doom. Katika Pate, nyumba zilianguka na mshairi akasalia kuzisimulia. Katika Doom, nyumba haikuanguka wala haitaanguka maadamu kuna mtu mwenye tarakilishi. Kilichoanguka ni vitu vingine: kasi ya vidole, saa nyingi zisizo na majukumu, na marafiki waliokaa chumba kimoja mpaka alfajiri. Mzee anayedai kwamba mchezo umeharibika mara nyingi anaomboleza vitu hivyo bila kuvitaja, na mhakiki asiyelisikia hilo atakuwa amesoma nusu ya matini.

Hata hivyo, nusu ya pili nayo ni kweli. Ndani ya hasira kuna maarifa ya fani ambayo hayakuandikwa mahali pengine popote, na kuna madai halali kuhusu nani ana haki ya kutunga. Wanajadi wa ushairi wetu nao hawakukosea waliposema kwamba vina na mizani hulifunza sikio. Walikosea pale walipodhani sikio haliwezi kufunzwa kwa njia nyingine. Mashairi ya kimapokeo hayakufa kwa sababu ya Kichomi. Yameendelea kutungwa, na yaliyo hai kati yao ni yale ambayo watunzi wake waliwafundisha vijana kuhesabu mizani badala ya kuwacheka kwa kutoijua.

Kipimo tunachopendekeza, basi, si kama mzee ananung'unika au la, wazee watanung'unika. Kipimo ni kama baada ya kunung'unika ameacha mlango wazi. Walioandika ramani mpya kwa sheria za 1993 wamelijaza kasri watu ambao hawakuwa wamezaliwa lilipojengwa. Waliobaki kulinda uwanja wanazidi kuwa wachache kila mwaka, na siku wa mwisho wao atakapoondoka, uwanja utakuwa mzima kabisa, wala hapatakuwa na mtu wa kuulilia.